Daftari la Gari

Nililinunua kwa Mbaruku wa Raskazone,
Prado namba B, rangi ya jani la mkonge lililokauka.
Akaniambia: Mwalimu, hili ni kuwasha na kuondoka.
Kuwasha, kweli, liliwaka.

Ukurasa wa kwanza nimeuandika kwa wino wa bluu,
mwandiko wa mtu mwenye furaha:
Oili na filta. Kufua kapeti. Ubani wa kufukiza viti, elfu mbili.
Wiki ya tatu, nikipanda kwenda Amani,
mshale wa joto ulinyanyuka hadi kwenye wekundu
kama mkono wa mwanafunzi anayeomba kwenda chooni.
Nikafungua boneti. Maji yamekunywa oili,
oili imekunywa maji,
chai ya maziwa isiyonyweka.

"Gasketi ya silinda hedi," alisema Semboja
akifuta vidole kwa kipande cha kanga
kilichobaki na neno moja tu la jina lake: *usiniulize*.
Gereji yake iko Chumbageni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Hupanga nati kwenye sahani ya wali,
na kabla hajakutajia bei, kwanza hukughania:

*Gari la mtu si lako, hata kadi ukishika,*
*Lina yake masumbuko, hayaishi kusemeka,*
*Lilipigwa huko huko, kwako linalalamika,*
*Fungua basi mfuko, fundi pesa azitaka.*

Kufika ukurasa wa nane wino umekuwa mweusi.
Bushi za mbele.
Shokapu mbili, kisha mbili.
Bomba la ekzosi, limeliwa na chumvi ya bahari
ambayo nilidhani inakula mabati ya nyumba peke yake.
Nozeli nne, zilipelekwa Dar es Salaam kupimwa
kwa basi la usiku, zimefungwa ndani ya gazeti,
zikarudi tatu.
(Ya nne bado naidai. Nimeandika: *ya nne bado naidai.*)
Bima. Stika. Tairi, ambazo muuzaji wa Barabara ya Kumi na Mbili
aliniapia kuwa ni mpya,
na tarehe ubavuni ni ya mwaka niliomwoza binti yangu.
Dizeli siandiki tena.
Dizeli ni kama chumvi jikoni: ukiihesabu, hupiki.

Mke wangu, Mwanakombo, amelipa jina: Mgeni.
"Mgeni kala leo?" huniuliza
nikirudi kutoka benki siku ya pensheni, mkono mtupu.
Wageni wote siku ya tatu hupewa jembe.
Huyu, mwaka wa tatu, amekula hata jembe.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi,
Mboni Sheuya, nesi wa Muheza.
Akalizunguka, akaipiga tairi teke kama alivyofundishwa,
akauliza lile swali: "Halina tatizo?"
Na mimi niliuliza vivyo hivyo, uani kwa Mbaruku.
Najua jibu lake linavyoteleza mdomoni.
Nikaingia ndani, nikamletea daftari.

Akasoma barazani mpaka chai ikafanya utando.
Penye nozeli alicheka.
Penye jumla hakucheka.
Akaomba aupige picha ukurasa wa nane, akalifunga taratibu
kama mtu anayefunga macho ya marehemu.
"Ahsante, Mwalimu. Nitanunua pikipiki."

Nikampeleka stendi ya Kange, ningefanyaje.
Likawaka mara moja, bila moshi,
taa zote za dashibodi zimezimika kwa adabu,
gia zinaingia kama kisu kwenye mkate wa kumimina.
"Mbona linakwenda vizuri?" akauliza.
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza
huku chini, karibu na mguu wa kushoto,
kitu kidogo, kipya,
kikianza kusema.